Mrejesho wa mwalimu: maana yake na unavyofanya kazi

Mrejesho ni taarifa anayopewa mtu kuhusu kazi aliyoifanya: alitakiwa kufika wapi, amefika wapi, na sasa afanye nini. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. "4/10" inataja alipofika tu, na "Ongeza bidii" haitaji chochote.

Chukua mwanafunzi aliyeandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Ukimwekea kosa kwa wino mwekundu, atajua amekosa, basi. Mwandikie hivi: "Umejumlisha asili (namba za chini). Je, 2/5 ni kubwa kuliko 1/2? Rudia swali hili na lile la 3." Kosa limetajwa, na kazi ya kufanya ipo. Jibu sahihi, 5/6, usiliandike, maana atalinakili na hutajua kama ameelewa.

Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti wa wanafunzi wa Israel. Waliopewa maoni bila alama waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama; waliopewa vyote viwili hawakupata faida ile ya maoni matupu. Mwanafunzi akiona alama huchungulia ya jirani, na maoni hayasomwi. Kwa hiyo rudisha madaftari yakiwa na maoni, toa dakika 10 za kurekebisha papo hapo, alama zibaki kwako kwanza. Bila dakika hizo, usahihishaji wote ni wino uliopotea.

Kwa darasa la watoto 80, maoni ya kila mmoja hayawezekani, na anayesema yanawezekana hajafundisha darasa hilo. Makosa mengi huangukia makundi matatu au manne. Yape herufi, andika maelezo yake ubaoni, na kwenye daftari weka herufi tu.

Sifa nazo ziguse kazi. "Una akili sana" humfanya mtoto akwepe swali gumu asije akavuliwa sifa hiyo.

Mwalimu naye hupokea. Kosa moja likijaa nusu ya madaftari, linazungumzia somo lake. Na mthibiti ubora wa shule (mkaguzi) au mwalimu mwenzake aliyeketi nyuma ya darasa akisema "ushirikishwaji ulikuwa mdogo", kujitetea hakusaidii, na kuitikia tu hakusaidii pia, kwa kuwa kauli hiyo haijaonyesha cha kubadilisha. Aulize: niliwaita wangapi kujibu, na walikaa wapi? Mara nyingi ni safu mbili za mbele. Abadilishe hilo moja katika kipindi kijacho, kisha amwombe mtu yule yule arudi kuhesabu.