Nakala ya Jeni Si Tairi la Spea

Kila ninapomweleza mzazi kwamba mtoto wake ana jeni tatu za alfa-globini (sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu) badala ya nne, hujifariji kwamba maumbile yaliweka nakala ya akiba kwa kujua kuwa moja ingeweza kuharibika. Maneno hayo nimeyasikia hata kwa wanafunzi wa udaktari, nami nimechoka kuyaitikia kwa kichwa.

Uteuzi asilia, yaani kudumu kwa sifa zinazowasaidia wenye nazo kuishi na kuzaa, hauijui kesho. Nakala ambayo kazi yake ni kungojea mwenzake aharibike haina kinachoilinda, kwani ikipata hitilafu leo mwenye nayo hadhuriki, huzaa kama wengine, na hitilafu hurundikana kizazi baada ya kizazi mpaka nakala hiyo inakuwa jeni mfu. Kinachodumu ni kile kinachofaa sasa. Jeni mbili za alfa zilizopangana kwenye kila kromosomu ya 16 (mtu anazo mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, ndiyo maana jeni ni nne) hutoa protini ileile, tena zote kwa pamoja, kwa sababu chembe nyekundu za damu huihitaji kwa wingi. Ndiyo maana madhara hufuata hesabu: mwenye tatu kwa kawaida haoni dalili; mwenye mbili chembe zake huwa ndogo (na tafadhali asinyweshwe madini ya chuma kwa udogo huo pekee, kabla ya kupimwa); mwenye moja huugua; asiye na hata moja kwa kawaida hufia tumboni au mara tu baada ya kuzaliwa. Tena, katika pwani ya Kenya na Tanzania kromosomu iliyobakiwa na jeni moja imeenea, kwa sababu humpunguzia mtoto hatari ya malaria kali. Ni akiba gani hiyo ambayo kuipoteza ni faida?

Wengine hudhani kila nakala hupata kazi mpya. Nyingi hufa, kama mtaalamu wa jenetiki Susumu Ohno alivyoeleza mwaka 1970, na nakala mfu za alfa zimelala jirani kabisa na zile mbili zilizo hai.

Wala kazi mpya si sharti la kubaki, maana nakala zaweza kugawana kazi ya jeni mama, yaani ile ya awali zilikotoka. Panya ana jeni moja iitwayo En1, ya kuongoza ukuaji wa kiinitete, inayotumika katika ubongo na katika miguu. Kwa samaki wadogo wenye milia wanaofugwa maabara, ambao wana nakala mbili za jeni hiyo, nakala moja hutumika kwenye mapezi ya kifuani, nyingine kwenye ubongo wa nyuma na uti wa mgongo, na kila moja imekwisha kupoteza sehemu iliyoachiwa mwenzake.