Sevu kukosa sio uzembe, na mengine niliyochoka kuyasikia kuhusu klabu bingwa ya dunia ya voliboli

Jumamosi baada ya mazoezi tulikaa na vijana, wengine kwenye benchi wengine kwenye kreti za soda, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji tunaangalia marudio ya klabu bingwa ya dunia ya wanaume, ile fainali ya Bengaluru kule India Desemba 2023, Perugia ya Italia na Itambé Minas ya Brazil. Jamaa wa Perugia karuka kapiga sevu, ule mpigo wa kuanzisha mchezo, mpira huo nje. Mzee wetu mmoja wa kamati, namheshimu sana na ndiye anayetununulia mipira, akapiga paja: "Ona sasa! Wanalipwa mamilioni halafu kuanzisha mpira tu kunawashinda." Nikanyamaza. Akakosa mwingine, safari hii kwenye neti, mzee akanigeukia kabisa, "Kocha, wape hawa wiki mbili tu utawanyoosha."

Perugia walishinda 3-0 siku hiyo, mzee wangu.

Hii kauli naisikia kila msimu, kwa wazazi, kwa viongozi, kwa wachezaji wenyewe, na ndiyo inayoniharibia timu kuliko hata viatu vibovu. Kwamba sevu ni ya kuanzisha mpira tu, kwa hiyo ingiza, hata ya chini, hata ya kubembeleza, mradi ivuke, ukikosa wewe ni mzembe na ukae benchi.

Tuelewane hivi. Timu ya kiwango kile ukiipa mpira laini, mpokeaji anauweka pale pale seta, yule anayewapangia wapigaji, anapoutaka, seta ana mtu kushoto, ana mtu kati, ana mtu kulia, na mwingine anakuja kwa kasi kutoka nyuma ya mstari wa mita 3, bloku yako, ule ukuta wa kuzuia kwenye neti, ina watu watatu na hawajui waruke na nani. Hapo pointi umeshaigawa, bado tu haijaandikwa ubaoni. Kwa hiyo sevu "salama" haipo, kuna sevu inayopoteza pointi haraka na sevu inayopoteza pointi taratibu.

Chukua mfano wa kalamu na karatasi, namba nimeziweka mimi za kufundishia. Piga sevu laini 100 zote ziingie, wapinzani wamalize 75, wewe umebaki na 25. Sasa piga kwa nguvu, 20 zikose kabisa, watu wazomee, mzee apige paja, lakini katika zile 80 zilizoingia ukivuruga mapokezi ukapata pointi 35 tu, umezidi kwa pointi 10 yule aliyeingiza zote! Hiyo ndiyo hesabu wanayopiga makocha wa Italia na Brazil, na ndiyo maana mchezaji akikosa kule hamuoni kocha akimfokea, anapiga makofi anamwambia endelea.

FIVB wenyewe, shirikisho la voliboli la dunia, waliiona nguvu ya shambulio la baada ya mapokezi mpaka ikawatisha. Mashindano haya yalipofufuliwa mwaka 2009 kule Doha, Qatar, walijaribu kanuni ya ajabu kidogo, kwamba ukishapokea sevu, shambulio la kwanza lazima lipigwe na mtu wa nyuma ya mstari wa mita 3. Shabaha ilikuwa mpira ukae hewani muda mrefu, maana voliboli ya wanaume ilishakuwa pokea, seti, piga, kwisha. Kanuni haikudumu. Kilichobaki ni sevu, ndiyo silaha pekee ambayo mpinzani haruhusiwi kuigusa mpaka umemaliza kazi yako. Na mpira unaokwenda kilomita 120 kwa saa unakata mita 33 kwa sekunde, yaani anayepokea kule nyuma ana kama nusu sekunde ya kuona, kuamua na kusogeza miguu. Nusu sekunde, halafu mtu anakwambia hiyo ni ya kuanzishia mpira.

Lakini vijana wangu nao wasijifiche humu. Dogo mmoja kaniambia "kocha mimi napiga kama Perugia", kapiga 10 kaingiza 3. Hiyo sio silaha hiyo, ni sadaka. Kwenye ligi zetu wapokeaji wengi bado wanayumba, sevu ya kuelea, ile isiyozunguka inayoyumba hewani, ikilengwa katikati ya watu wawili inatosha kabisa kuwafanya watazamane, huhitaji kuvunja bega. Na wawili wakishakosa mfululizo, wa tatu aingize, nasema hivi kila wiki na kila wiki wa tatu anataka kuwa staa.

Halafu sevu nyingi mbovu zinaharibikia kwenye kurusha, kabla mkono haujagusa kitu. Mpira ukienda nyuma ya kichwa utaupiga juu, ukienda mbele sana utauzika kwenye neti, hakuna muujiza hapo. Chora duara kwa chaki mbele ya mguu wako, rusha mpira usiupige, uache udondoke, ukiangukia nje ya duara rudia, mara 50. Wananichukia kwa zoezi hili, wanasema nawafundisha kutupa embe. Na refa akipuliza una sekunde 8, mbona mnapiga kama mnafukuzwa?

Mengine haraka haraka.

Sevu ikigusa neti ikavuka ni halali, jamani, zaidi ya miaka 20 sasa. Acheni kusimama na kunyoosha vidole, chezeni mpira.

"Dabo! Dabo!" yaani kagusa mara mbili. Hii inapigiwa kelele uwanja mzima mtu akipokea sevu mpira ukamgonga mkono kisha kifua. Mguso wa kwanza wa timu unaruhusiwa kugonga sehemu mbili za mwili mfululizo ikiwa ni kitendo kimoja, refa hajalala. Na mguu nao ruksa tangu miaka ya 1990, ukiokoa kwa teke mpira unaendelea, hakuna cha "huu sio mpira wa miguu".

Eti bila urefu huendi popote. Massimo Colaci, libero, yaani mlinzi wa nyuma, wa hao hao Perugia waliobeba kombe 2022 na 2023, hafiki hata mita 1.85. Kweli spaika, mpigaji wa kwenye neti, anahitaji urefu, sibishi, ila mnapoleta watoto niwapime kwa ukutani kabla sijaona wanavyosogeza miguu mnanikosea.

Kuna wanaodhani klabu bingwa ya dunia ni ya timu za taifa. Klabu, ndugu zangu, klabu! Trentino ya Italia waliochukua mara 4 mfululizo Doha, 2009 mpaka 2012, walikuwa na Kaziyski wa Bulgaria, Juantorena mzaliwa wa Cuba, na seta Raphael wa Brazil. Na sio kwamba Italia wanajichukulia tu wanavyotaka, Sada Cruzeiro ya Brazil nao wana makombe 5, sawa na Trentino walioongeza la 2018. Kweli miaka ya mwanzo ilikuwa Italia watupu, kuanzia Parma 1989 mpaka 1992, halafu mashindano yenyewe yakapotea miaka 16.

La mwisho, hili naulizwa na viongozi kabisa: "Tukiwa mabingwa wa Tanzania si tunaenda dunia?" Hapana. Unaenda klabu bingwa Afrika kwanza, huko Al Ahly na Zamalek za Misri wanakusubiri, na timu za Afrika zilizozoea kufika duniani ni hizo za kaskazini. Nafasi zenyewe chache, 2019 zilicheza timu 4 tu, 2023 zilikuwa 6 na Afrika haikuwa na hata moja. Mzee wangu alivyosikia hivyo akaniuliza tufanye nini basi, nikamwambia atuongezee mipira 10, za kusevu.

Jumanne saa kumi na moja jioni, chaki nakuja nayo mimi.