Ateri zilizokakamaa na jicho la mwenye kisukari

Mpira wa maji ukiwa mpya, pampu ikisukuma kwa mikupuo unauona unatuna na kunywea. Ule ulioachwa juani uani kwa mtu kule Newala misimu miwili mitatu hautuni tena. Umekauka, umekuwa mgumu kama fimbo, na maji yanatokea upande wa pili kwa kishindo kilekile yalichoingia nacho. Ateri za mwili nazo ziko hivyo.

Ateri ni mishipa inayotoa damu kwenye moyo na kuisambaza mwilini. Kubwa kuliko zote ni aota. Ukuta wake una nyuzi za elastini, ambazo huvutika, na za kolajeni, ambazo huupa uimara. Moyo ukisukuma, aota hutanuka na kuhifadhi sehemu ya damu. Moyo ukipumzika, hunywea na kuiachia damu ile iende taratibu. Ndiyo maana damu inapofika kwenye vishipa vidogo kabisa huwa imeshatulia, inatiririka. Ateri kukakamaa ni kupoteza uwezo huo wa kutuna na kunywea.

Wengi huchanganya jambo hili na kuziba kwa mishipa. Kuziba ni mafuta kujijenga ndani ya mshipa mpaka njia inakuwa nyembamba. Ateri iliyokakamaa yaweza kuwa na njia pana kabisa, ubovu ukawa kwenye ukuta. Mara nyingi hayo mawili humpata mtu mmoja, lakini ni mambo mawili.

Umri hukakamaza ateri za kila mtu, na presha na sigara huongeza. Kisukari huharakisha zaidi. Sukari ikikaa juu miaka mingi hunata kwenye protini za mwili, kolajeni ikiwemo, na kuzigandisha nyuzi zake zishikane. Aliyewahi kumwagikiwa maji ya mabibo, matunda ya mkorosho, kwenye nguo anajua kitambaa kinavyokuwa kigumu kikishakauka.

Sasa tuje kwenye jicho. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, uitwao retina. Unakula oksijeni nyingi, na vishipa vyake ni vyembamba mno. Sukari huwa imeshavidhoofisha vishipa hivyo, kwa kuua chembe zinazoshikilia kuta zake. Juu ya udhaifu huo kinakuja kishindo ambacho aota ilipaswa kukituliza. Kuta hutuna vipovu, huvuja damu na majimaji. Vishipa vingine hufa, retina inakosa hewa, na jicho katika kujiokoa linaotesha vishipa vipya ambavyo ni dhaifu na hupasuka upesi. Ugonjwa huo ndio retinopathi ya kisukari.

Tafiti zimeona mara nyingi kwamba wenye kisukari cha aina ya pili ambao ateri zao ni ngumu zaidi ndio pia wenye ugonjwa huu zaidi. Hilo peke yake halithibitishi kwamba kimoja kinazaa kingine, maana vyote viwili vina wazazi walewale, sukari na presha, na miaka ya kuishi navyo. Lakini kwa upande wa presha ushahidi ni mzito. Utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, ulitoa matokeo yake mwaka 1998: wagonjwa wa kisukari walioshushwa presha hadi wastani wa 144/82, wakilinganishwa na waliobaki kwenye 154/87, walipunguza kwa 34% hatari ya retina kuharibika zaidi. Hao wote walikuwa na kisukari. Kilichowatenganisha ni presha.

Ugumu wa ateri hupimwa kwa kasi ya wimbi la mapigo kutoka shingoni hadi kwenye kinena. Ikizidi mita 10 kwa sekunde, madaktari huihesabu kuwa dalili ya hatari. Kipimo cha kawaida cha presha nacho hutoa fununu. Toa namba ya chini kwenye ya juu. Mwenye 120/80 anapata 40. Mwenye 160/70 anapata 90, na kwa mtu mzima pengo pana namna hiyo mara nyingi husema kwamba mishipa mikubwa haitanuki tena. Kwa hiyo ukiambiwa "ya chini iko vizuri", uliza pia habari ya pengo.

Mjomba wangu ana mikorosho Tandahimba. Alipoanza kuona vidoa vyeusi vikielea machoni, alisema ni vumbi la salfa, dawa ya mikorosho, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kupulizia, akanawa macho wiki nzima. Ilikuwa damu ndani ya jicho. Bado inaniuma, kwa sababu ugonjwa huu hauna maumivu, na mtu anaona vizuri tu wakati retina inavuja.

Mwenye kisukari cha aina ya pili anatakiwa kuchunguzwa retina mara tu anapogundulika, kisha kwa kawaida kila mwaka, hata kama anasoma maandishi madogo bila miwani. Siku ya kipimo hutiwa dawa ya matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa macho hayavumilii mwanga. Kwa jua letu la Mtwara na Lindi, vaa kofia, nenda na mtu wa kukushika mkono, na pikipiki iache nyumbani.