Uwiano wa wanachama wa vyama vya wafanyakazi: kwa nini nchi ni moja ila sehemu moja wamejaa na nyingine hawapo

Mara nyingi utakuta mtu kaandika kwamba Marekani ni asilimia 10 tu ya wafanyakazi ndo wako kwenye vyama, na ni kweli, mwaka 2024 ilikuwa 9.9, lakini namba hiyo imechanganya sehemu ambazo hazifanani hata kidogo. Mwaka huohuo Hawaii ilikuwa 26.5 na North Carolina 2.4. Serikali kuu ni moja na sheria kubwa ya kazi ni moja, ila mfanyakazi wa Honolulu ana uwezekano mara kumi hivi kuwa mwanachama kuliko mwenzake wa Charlotte. Ndo maana wanaofuatilia mambo haya hawaishii kwenye namba ya taifa, wanaangalia uwiano wa kila jimbo.

Uwiano wenyewe sio kitu kigumu. Unachukua watu wote walioajiriwa sehemu fulani wanaolipwa mshahara au ujira, halafu unaangalia katika kila 100 wangapi ni wanachama. Waliojiajiri hawamo kwenye hesabu. Hapa watu wanakosea sana kwa kuchanganya uwiano na idadi: California ina wanachama kama milioni 2.4, hakuna jimbo linaloifikia, lakini uwiano wake ni kama asilimia 15 hivi kwa sababu wafanyakazi wenyewe pale ni wengi mno, wakati Hawaii ni visiwa vyenye watu wachache na ndo inaongoza. Kuna na kundi lingine, wale ambao sio wanachama ila mkataba wa hali bora uliojadiliwa na chama unawahusu na wao, mwaka 2024 walikuwa kama milioni 1.7. Kwahiyo ukikutana na asilimia mahali popote uliza kwanza ni ya wanachama au ya wanaofaidika na mkataba.

Sasa kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Jibu jepesi ambalo wengi wanalitoa ni kwamba watu wa sehemu fulani wanapenda vyama na wa kule hawavipendi, mimi silikubali, maana ukifuatilia historia unakuta ni kazi gani ilikuwepo pale, nani aliruhusiwa kujipanga, na sheria ilisema nini.

Chukua Hawaii. Uchumi wake ulikuwa mashamba makubwa ya miwa na mananasi, na wenye mashamba waliajiri Wajapani, Wafilipino, Wareno, Wachina, wakawaweka kwenye makambi tofauti na kuwalipa tofauti. Mwaka 1909 Wajapani waligoma peke yao kudai wasilipwe chini ya wengine, wenye mashamba wakaleta watu wa jamii nyingine kushika nafasi zao na mgomo ukavunjika. Somo hilo liliwakaa. Chama cha ILWU, ambacho kilianzia kwa makuli wa bandari za pwani ya magharibi, kilipoingia mashambani kiliandikisha watu wa jamii zote kwenye chama kimoja, na mikutano ikawa inatafsiriwa ili kila mtu aelewe. Mwaka 1946 wenye mashamba walileta Wafilipino wapya kama 6,000 kwa meli, kipindi ambacho kila mtu anajua mgomo unanukia, chama nacho kikahakikisha wanaandikishwa wakiwa bado safarini, kwahiyo wengi walishuka bandarini tayari ni wanachama. Septemba mwaka huo watu kama 26,000 waligoma katika mashamba 33 kati ya 34, siku 79, wakapika kwenye majiko ya pamoja, wengine wakatumwa kuvua samaki na kuwinda ili familia zile. Walishinda. Miwa imeshaondoka Hawaii siku nyingi lakini ile mizizi ilihamia kwenye mahoteli, na mwaka 1970 jimbo likapitisha sheria ya kuwapa watumishi wa umma haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja.

Bandari na mashamba makubwa yana tabia hiyo, watu wengi wako sehemu moja, wana bosi mmoja, na wakisimama mzigo unasimama. Miezi michache tu baada ya mgomo wa Hawaii, Januari 1947, Mombasa nayo ilisimama, wafanyakazi kama 15,000 wa bandarini, reli na sehemu nyingine, na hapo ndipo likazaliwa shirikisho la wafanyakazi Waafrika lililoongozwa na Chege Kibachia, ambaye wakoloni walimkamata mwaka huohuo na kumfungia mbali.

Sasa nenda Carolina mbili, Kaskazini na Kusini. Kule kulikuwa na viwanda vya nguo, na mfanyakazi aliishi kwenye kijiji cha kiwanda, yaani nyumba ni ya kampuni na mara nyingi hata duka ni la kampuni, kwahiyo ukigoma unapoteza kazi na paa la kulala siku moja. Mwaka 1929 pale Gastonia, North Carolina, familia za waliogoma zilitolewa kwenye nyumba zikaenda kuishi kwenye mahema. Mwaka 1934 ukaja mgomo mkubwa wa viwanda vya nguo karibu pwani yote ya mashariki, na tarehe 6 Septemba katika mji mdogo wa Honea Path, South Carolina, watu saba waliuawa kwa risasi nje ya kiwanda. Baada ya mgomo kushindwa wengi hawakurudishwa kazini, na miaka mingi baadaye bado watu hawakutaka hata kulizungumzia. Mtu akikwambia watu wa kule hawana mwamko mkumbushe kwamba walijaribu, na walilipa kwa damu.

Halafu sheria. Sheria ya taifa ya mwaka 1935 iliyolinda haki ya kujiunga na chama iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na kule kusini kazi hizo zilishikwa sana na Wamarekani weusi. Mwaka 1947 bunge likaruhusu kila jimbo kupitisha kile wanachokiita sheria ya haki ya kufanya kazi. Jina linapendeza, ila inachofanya ni hiki: chama kikishinda kura ya wafanyakazi wa kiwanda kinalazimika kumtetea kila mtu pale, mwanachama na asiye mwanachama, lakini hakiruhusiwi kumkata asiye mwanachama hata senti ya gharama. Sasa majimbo 26 yana sheria hiyo. Michigan, kwenye chimbuko la vyama vya viwanda vya magari, iliipitisha 2012 ikaja kuifuta 2023. North Carolina ilienda mbali zaidi, tangu 1959 mikataba ya pamoja ya watumishi wa umma haitambuliki kabisa, na hapo ndo unaelewa ile 2.4, kwa sababu Marekani nzima sekta ya umma ndo yenye uwiano mkubwa, asilimia 32 hivi, wakati binafsi haifiki hata 6.

Namba hizi zinaweza kubadilika lakini polepole. Aprili 2024 wafanyakazi wa Volkswagen pale Chattanooga, Tennessee, walipiga kura kuingia UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, kwa asilimia 73, baada ya kushindwa 2014 na 2019, ingawa magavana sita wa kusini walitoa tamko la pamoja kuwaonya watu wasijiunge. Mwezi uliofuata Mercedes ya Alabama wakapiga kura wakakataa.

Na kwa Tanzania, ukitaka kulinganisha Bara na Zanzibar angalia jambo moja kwanza. Kazi sio suala la Muungano, kwahiyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaishia Bara, Zanzibar wana sheria zao za 2005, na hata mashirikisho ni mawili, TUCTA huku na ZATUC kule. Bara chama chenye wanachama wengi kwenye sehemu ya kazi kinaweza kukubaliana na mwajiri wasio wanachama nao wakatwe ada ya uwakala kwenye mshahara, yaani kinyume kabisa na Carolina. Kwahiyo usihesabu makato kwenye karatasi za mishahara ukadhani umehesabu wanachama, wengine pale wanakatwa na hawajawahi kujaza fomu ya kujiunga.