Ukurasa halisi wa katuni hauna usafi wa kitabu

Wengi wanaoanza kukusanya kurasa halisi za katuni za Marekani, yaani zile alizochora msanii kwa mkono kabla ya kitabu kuchapishwa, huamini kuwa ukurasa wa kweli ni safi, wenye rangi, kama ulivyochapishwa. Kwa kawaida sivyo. Kwa miongo mingi ulichorwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nzito kuliko ya kitabu, na kubwa zaidi, mara nyingi inchi 11 kwa 17. Rangi ilitiwa kando. Utakuta penseli ya bluu, rangi nyeupe iliyofunika makosa, hata maneno yaliyobandikwa kwa gundi iliyogeuka manjano. Ninapokagua kama ukurasa ni wa kweli, mimi huanza na madoa hayo. Chukua lenzi: vitone vilivyojipanga ni dalili kuwa ukurasa umechapishwa kwa mashine. Kisha inamisha karatasi kwenye mwanga. Wino wa mkono haukolei sawasawa kila mahali.