Mzee Akirudishiwa Ujana, Kweli Atafaidika?

Dhana: Ujana ndio kilele cha furaha, na hakuna mzee asiyeutamani.

Takwimu zinasema vingine. Mwaka 2008 wachumi David Blanchflower na Andrew Oswald walionyesha kwamba katika nchi nyingi walizochunguza, kuridhika na maisha hushuka tangu ujanani, hufika chini kabisa mtu anapokaribia miaka 50, kisha hupanda tena. Kijana ana mwili mwepesi, lakini ana mzigo wa kutojua: atapata kazi gani, ataishi na nani, watu wanamwonaje. Utafiti wa Marekani ulioongozwa na Ronald Kessler, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta robo tatu ya maradhi ya akili huwa yameshaanza mtu afikapo miaka 24. Ukimrudisha mzee huko, unamrudishia na hayo.

Msikilize vizuri mzee anaposema "laiti ningekuwa kijana." Mara nyingi anataka kuinuka kitini bila kushika meza, kulala mpaka asubuhi bila goti kumwamsha, kusikia wajukuu wanacheka nini. Hiyo ni afya. Tumezoea kuiita ujana, ndiyo maana tunashindwa kumpa anachokiomba.

Wapo, nakiri, ambao ujana wao uliliwa na vita, ugonjwa au kulea wadogo zao baada ya wazazi kufariki. Hao wana haki ya kuudai. Ila hata wao, wakirudi na miaka 20, wenzao wa rika hawatakuwepo, na mwenzi wao wa ndoa atabaki na miaka yake 75.

Dhana: Nguvu zikishaondoka hazirudi, labda ujana wenyewe urudi.

Mwaka 1990, daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Boston waliwafanyisha mazoezi ya kuinua uzito wazee dhaifu wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi. Baada ya wiki 8, nguvu za misuli ya mapaja zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu, na wawili kati yao waliacha kutembelea fimbo. Hawakupewa ujana hata wa siku moja.

Dhana: Sayansi imeshapata njia, ni suala la fedha tu.

Ahadi hii ni ya zamani. Katika miaka ya 1920 daktari wa upasuaji Serge Voronoff, huko Ufaransa, aliwapandikizia wanaume vipande vya korodani za nyani, haikufaa kitu. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya kutiwa utegili (sehemu ya majimaji ya damu) wa vijana ili kuzuia uzee. Ugunduzi wa mwanasayansi wa Japani Shinya Yamanaka wa mwaka 2006, wa kurudisha seli nyuma hadi hali ya uchanga, ni wa kweli na mkubwa, lakini panya ambao seli zao zilirudishwa nyuma kupita kiasi walipata uvimbe.

Dhana: Maumivu ya mzee ni uzee tu.

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inawanyima watu matibabu yaliyopo tayari. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi. Usikivu husaidiwa na kifaa cha sikioni. Sonona ya uzeeni hutibika. Na kusahau kunakozidi siku hadi siku si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Kunahitaji uchunguzi, maana wakati mwingine chanzo ni upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, au dawa zenyewe anazomeza.