Uga wa kupindisha ukweli: kipaji cha Steve Jobs na waliokilipia

Februari 1981 mhandisi Andy Hertzfeld alihamia kwenye timu ndogo ya Apple iliyokuwa ikiunda kompyuta ya Macintosh. Mwenzake, Bud Tribble, alimwonyesha ratiba: programu zote ziwe tayari ifikapo Januari 1982. Hertzfeld akasema haiwezekani. Tribble naye alijua haiwezekani, lakini Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, hakutaka kusikia tarehe nyingine. Ndipo Tribble akatumia msemo alioutoa kwenye tamthilia ya televisheni ya safari za anga: Jobs ana uga wa kupindisha ukweli.

Maana yake ni hii. Jobs akiwepo chumbani, unajikuta umekubali jambo ambalo muda mfupi uliopita ulijua fika kwamba halifanyiki. Akitoka, akili zinakurudia, ila ahadi umeshaitoa. Tribble alimwonya Hertzfeld jambo jingine pia: ukimpelekea Jobs wazo jipya ataliita la kijinga, na baada ya wiki moja atakuja kukueleza wazo lilelile kana kwamba ni lake.

Siku hizi msemo huu hutajwa kama sifa, na sababu ipo. Agosti 1983 Jobs alimfuata mhandisi Larry Kenyon akilalamika kwamba Macintosh inachukua muda mrefu mno kuwaka. Kenyon alipojitetea, Jobs akampigia hesabu: watumiaji milioni tano wakiokoa sekunde kumi kila siku, ni sekunde milioni hamsini kwa siku. Kwa mwaka, hayo ni maisha kamili ya watu kadhaa. Wakati huo kompyuta yenyewe haikuwa na mnunuzi hata mmoja. Hata hivyo, katika miezi iliyofuata wahandisi walipunguza zaidi ya sekunde kumi. Kilichokuwa hakiwezekani kiliwezekana kwa sababu mtu mmoja alikataa kuamini vinginevyo.

Ila ile ratiba ya Tribble haikutimia. Macintosh ilizinduliwa Januari 24, 1984, miaka miwili baada ya tarehe ile. Uga uliwafanya watu wakeshe kazini, lakini haukubadilisha kiasi cha kazi iliyokuwepo. Jambo hili halisemwi vya kutosha: kipaji cha Jobs kilifaa pale tu ambapo jasho la watu wengine lingeweza kuziba pengo kati ya alichotaka na kilichokuwepo. Pale ambapo jasho halisaidii, kukataa ukweli ni kukataa ukweli tu.

Mfano mchungu zaidi ni wa binti yake. Lisa alizaliwa Mei 1978, Jobs akiwa na umri wa miaka 23. Alimkana. Kipimo cha damu kilionyesha uwezekano wa zaidi ya asilimia 94 kwamba yeye ndiye baba, lakini akaendelea kumkana, hata akaliambia jarida la Time kwamba kwa kipimo kile asilimia 28 ya wanaume wa Marekani wangeweza kuwa baba wa mtoto huyo. Mama wa mtoto alikuwa akiishi kwa msaada wa serikali, na ilibidi mahakama ya California iingilie kati na kumtaka Jobs alipe dola 385 kwa mwezi. Shauri lilimalizwa mwanzoni mwa Desemba 1980. Siku chache baadaye, Desemba 12, hisa za Apple ziliingia sokoni na Jobs akawa na utajiri wa zaidi ya dola milioni 200. Na katika miaka hiyohiyo ya kumkana mtoto, kampuni yake ilikuwa ikitengeneza kompyuta iitwayo Lisa. Kwa miaka mingi alisema jina hilo halimhusu binti yake, hadi alipokuja kukiri kwamba linamhusu.

Mwili wake mwenyewe nao haukupindika. Oktoba 2003 aligunduliwa uvimbe wa saratani kwenye kongosho, wa aina ambayo mara nyingi hutibika ukiondolewa mapema. Kwa miezi tisa alikataa upasuaji, akijaribu mlo maalumu na tiba mbadala, huku mkewe na rafiki zake wakimsihi. Alipasuliwa Julai 2004. Alifariki Oktoba 5, 2011, akiwa na miaka 56. Hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba angepona, na kumlaumu mgonjwa kwa hofu yake si haki. Ninachokiona ni tabia ileile iliyosifiwa ofisini, safari hii ikikutana na kitu kisichopokea amri.

Wapo wanaosema ukali ule ndio gharama ya vitu vizuri, kwamba bila Jobs mgumu tusingepata Macintosh wala iPhone. Mimi sikubaliani nao, na shahidi wangu alikuwa ndani ya kampuni hiyohiyo. Steve Wozniak ndiye aliyebuni kompyuta za kwanza za Apple. Kabla ya hapo, walipokuwa vijana, alimsaidia Jobs kazi ya kuunda mchezo wa video wa Breakout wa kampuni ya Atari, na aliumaliza kwa siku nne bila usingizi wa maana. Jobs alimwambia malipo ni dola 700, wagawane nusu kwa nusu. Miaka mingi baadaye Wozniak aligundua kwamba kulikuwa na bonasi ya maelfu ya dola ambayo hakuambiwa. Na Apple ilipokaribia kuuza hisa, Daniel Kottke, rafiki wa Jobs tangu chuoni na mmoja wa waajiriwa wa mwanzo kabisa, hakupewa hisa hata moja. Jobs alikataa. Wozniak alichukua hisa zake mwenyewe, akamgawia Kottke, na nyingine akawauzia kwa bei ya chini wafanyakazi waliosahaulika. Kipaji kilikuwepo kwa wote wawili. Ukatili ulikuwa chaguo.

Walioiga wameiga upande rahisi. Elizabeth Holmes alianzisha kampuni ya vipimo vya damu ya Theranos mwaka 2003, akavaa sweta nyeusi ya shingo ndefu kama Jobs, na kuahidi mashine ya kupima magonjwa mengi kwa matone machache ya damu ya kidoleni. Wataalamu wake walipomwambia haifanyi kazi, alisisitiza kwamba inafanya. Vipimo vingi vilikuwa vikifanyika kwa mashine za kawaida za makampuni mengine, na wapo wagonjwa waliopewa majibu yasiyo sahihi. Januari 2022 alipatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji, na Novemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka kumi na moja.